Ripoti yangu imelala kabatini na kampuni inanitaka kwa mshahara mara tatu, niondoke?

Shikamoo mzee,

Natumaini u mzima. Nimesoma majibu yako kwa watu wengi ila sijawahi kuona mtu wa kazi kama yangu akiandika, nikasema acha nijaribu, ukiona haifai itupe tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, raia, sijawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Nilisoma uchumi, digrii ya pili nikafanya masomo ya mikakati na usalama, halafu nikaajiriwa kwenye kurugenzi ya mipango ya ulinzi, huu ni mwaka wa saba. Kazi yenyewe ni kukaa na kufikiria miaka kumi, ishirini mbele, vitisho gani vinaweza kuja, jeshi litahitaji nini, hela itatoka wapi, kisha naandika. Nyumbani hawaelewi. Mama anadhani mi ni karani, mdogo wangu anadhani ni jasusi, na wote wawili siwezi kuwasahihisha vizuri maana nikisema sana nimekosea, nikinyamaza nimekuwa jasusi kweli.

Sasa ishu ni hii. Mwaka jana nilipewa kufanya tathmini ya mpango wa kununua magari mapya ya deraya. Nikakaa nayo miezi mitano. Nilichogundua ni kwamba hela ya kununulia ipo, ila ya vipuri, mafundi, mafunzo na mafuta haipo, yani kwenye bajeti za miaka inayofuata hamna kitu kabisa, na baadhi ya madaraja ya huko yanakotakiwa kwenda hayabebi uzito ule. Nikaandika ripoti kurasa 46, majedwali, viambatisho, kila kitu. Siku ya kuwasilisha nikapewa dakika 10. Dakika ya sita hivi mkuu mmoja akaniuliza, "Binti, wewe umewahi kupanda hilo gari?" Watu wakacheka. Nikasema hapana, na kikao kikawa kimeishia hapo. Wiki mbili baadaye Meja mmoja tunayekaa naye ofisi moja akasema karibu kitu kilekile kwenye kikao kingine, kwa mdomo tu, hata karatasi hana, wakatikisa vichwa na kuandika! Ila mwisho mpango umeendelea vilevile, wamesema suala la matengenezo litaangaliwa baadaye.

Tangu hapo nimechoka mzee. Ripoti ipo kabatini, naiona kila nikifungua kutafuta stepla. Wenzangu niliosoma nao wana vitu vya kuonyesha, huyu kajenga, yule kafungua biashara, mimi nikifanya kazi yangu vizuri maana yake hakuna kilichotokea, sasa utamwonyesha nani kitu ambacho hakijatokea?

Mwezi uliopita jamaa mmoja niliyekutana naye kwenye maonyesho ya vifaa amenitafuta. Kampuni yao inauza magari na vifaa vya kijeshi, wanataka mtu wa kuongoza kitengo chao cha mikakati, mshahara karibu mara tatu ya huu. Tumeshaonana mara mbili, anasema wao wanathamini watu wanaofikiri. Njia nyingine ni kwenda kusoma PhD, na ya tatu ni kubaki nivumilie. Mume wangu anasema nifuate hela.

Nishauri, na niambie ukweli kama hii fani ina maana yoyote kwa mtu asiye na cheo begani.

Binti wa Mipango

*

Marahaba binti yangu.

Kabla sijasema lolote ujue nimekata mistari minne ya barua yako. Ulitaja aina ya gari, idadi na sehemu yanakopelekwa. Najua hukukusudia, mtu akiwa na uchungu mkono unaandika zaidi ya alichotaka kusema. Lakini kama umeniandikia hivyo mimi, mzee usiyemjua hata sura, najiuliza huyo jamaa wa maonyesho umeshamwambia mangapi. Tutarudi hapo, tena hapo ndipo penye barua yako hasa, huku kwingine ni malalamiko ya kawaida ya fani na nimeyalalamika mwenyewe miaka 19 nikiwa afisa mnadhimu wa mipango, yaani afisa wa makao makuu anayemwandalia mkuu mipango na karatasi.

Tuanze na ripoti. Ile habari ya vipuri iko ukurasa wa ngapi? Hukusema, na ukimya wako umeshanijibu. Mi ripoti yangu ya kwanza kabisa jambo lenyewe niliweka ukurasa wa 28, baada ya historia, baada ya "mazingira ya kimkakati", baada ya mchoro wa rangi tano niliokesha nao siku mbili. Mkuu wangu alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama wakuu wote wanavyosoma, na wa mwisho ulikuwa orodha ya vifupisho. Nilikasirika mwezi mzima. Leo ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, mtu ana mafaili kumi mezani, anataka kujua unamtaka aamue nini na asipoamua kitatokea nini. Ukurasa mmoja. Hizo 45 nyingine ni za kumjibu akiuliza, zikae kwenye mkoba.

Halafu lile swali, umewahi kupanda gari. Limeulizwa kwa dharau, sawa, wala simtetei. Ila kama swali lina haki yake. Kuna mwanafizikia wa Uingereza aliitwa Patrick Blackett, alipata Nobel mwaka 1948, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza vikundi vya wanasayansi raia waliokuwa wakiwashauri makamanda. Kabla ya hapo alikuwa ofisa wa majini vita vya kwanza, kwa hiyo lugha yao aliijua. Watu wake walikuwa wakienda kukaa na wapiga mizinga, na marubani waliokuwa wakiwinda nyambizi, wanaangalia kazi inavyofanyika ndo wanarudi kuhesabu. Wakaona ndege zile zimepakwa rangi nyeusi kwa chini, kisa zilikuwa za kushambulia usiku, na sasa zinaruka mchana juu ya bahari, nyambizi inaziona mapema na kuzama. Wakashauri zipakwe nyeupe. Ni rangi tu! Halafu wakapiga hesabu wakaonyesha kwamba misafara mikubwa ya meli inapoteza asilimia ndogo ya meli kuliko misafara midogo, wakati wakuu wa majini waliamini kinyume chake, kwa sababu meli zikiongezeka eneo la msafara linakua haraka kuliko mzingo wake, na ulinzi unakaa kwenye mzingo. Raia wale walisikilizwa kwa sababu hesabu yao ilikuwa imeshika matope, yaani imetoka kule kule kazini.

Kwa hiyo nenda karakana. Omba ruhusa siku tatu, vaa viatu vya kazi, tafuta sajini fundi ambaye hayo magari ya zamani anayajua kwa sauti, muulize mangapi yanawaka leo na mangapi yanasubiri kipuri tangu lini. Atakuambia kitu ambacho hakimo kwenye jedwali lolote. Na ukirudi kikaoni ukaulizwa tena lile swali utakuwa na la kusema, na atakayekucheka atakuwa anamcheka sajini wake.

Na huyo Meja. Hivi unadhani yale maneno aliyatoa wapi? Mnakaa ofisi moja, ripoti umeiandika miezi mitano, mmekuwa mkipishana mlangoni kila siku. Mi nadhani aliisoma, au alikusikia ukiongea na simu, au ulimweleza mwenyewe ukasahau. Inauma, najua inauma, kazi yako imepita kwa mdomo wa mwingine na jina lako halikuwepo. Lakini kwenye unadhimu ndivyo mawazo yanavyosafiri mwanangu, anayeyaandika ni mmoja, anayeyasema ni wa pili, na anayesaini ni wa tatu akiamini kayaota mwenyewe. Mfuate huyo Meja bila kinyongo umwambie nimesikia ulisema habari ya vipuri, tuandike pamoja. Akikubali umepata mdomo, na yeye kapata namba. Akikataa basi umemjua.

Sasa nikukosoe kidogo na usinune. Ripoti yako, jinsi ulivyoieleza, ilimaliza kwa "hapana". Mkuu atafanya nini na hapana? Hela imeshapitishwa, ahadi zimeshatolewa, wewe unamletea ukuta. Mpangaji anayempelekea bosi njia moja, iwe ni ndiyo tupu au hapana tupu, amemfunga.

Nikupe kisa. Tarehe 1 Agosti 1914 Kaiser Wilhelm wa Ujerumani alipata habari kutoka London zilizomfanya aamini kwamba Ufaransa inaweza kubaki nje ya vita. Akafurahi, akamwita mkuu wa unadhimu wake, Moltke mdogo, akamwambia basi jeshi lote tulipeleke mashariki kwa Warusi. Moltke akasema haiwezekani. Treni zote, maelfu ya treni, zimeshapangiwa saa na reli za kwenda magharibi, ukizigeuza jeshi linakuwa kundi la watu wenye silaha wasio na chakula. Na ule mpango mbadala wa kwenda mashariki ambao zamani walikuwa wakiuhuisha kila mwaka, waliuacha mwaka 1913. Kaiser akamjibu kwa hasira kwamba baba yako mkubwa angenipa jibu tofauti, maana huyo baba mkubwa ndo Moltke mwenyewe, yule wa zamani aliyeshinda vita tatu. Habari ya London baadaye ilionekana haikuwa ya kweli, lakini hebu tazama jambo lenyewe, mfalme mwenye jeshi la kutisha kuliko yote Ulaya anataka kubadili mawazo usiku mmoja na karatasi zinamkatalia. Huyo ni mtu aliyeandaliwa mpango mzuri sana, mmoja tu.

Kwa hiyo kwenye ule ukurasa wako weka njia tatu. Kwa mfano kununua magari machache ila kila moja lije na vipuri vya miaka kadhaa na mafundi waliofunzwa. Au kununua kwa awamu mbili, ya pili isianze mpaka karakana iwe tayari. Au kukarabati ya zamani na hela inayobaki iimarishe madaraja. Kila njia andika inagharimu nini na inaacha hatari gani, halafu sema wewe ungechagua ipi. Kanali mmoja wa Marekani aliyekuwa akifundisha chuo cha vita cha jeshi la nchi kavu, Arthur Lykke, mwaka 1989 alieleza mkakati kama kigoda cha miguu mitatu, yaani malengo, njia na nyenzo, mguu mmoja ukiwa mfupi kigoda kinainama, na huko kuinama ndo hatari unayoibeba. Wapo wanaosema imerahisishwa mno, na kuna siku nakubaliana nao, ila kwa kumweleza mkuu mwenye haraka sijaona bora yake. Kigoda chako wewe mguu wa nyenzo umekatwa. Mwonyeshe kinavyoinama.

Na hili la "itaangaliwa baadaye" ndilo neno ghali kuliko yote kwenye mipango ya ulinzi. Wakaguzi wa bunge la Marekani wamekuwa wakiandika miaka mingi kwamba kuendesha na kutunza silaha hula takribani asilimia 70 ya gharama yake yote tangu kununuliwa hadi kutupwa. Yaani bei ya kununulia ni kiingilio tu. Ulichokiona wewe kwenye jedwali lako ni kitu kilekile ambacho majeshi tajiri kabisa yanahangaika nacho, kwa hiyo acha kujiona umekosea kwa sababu watu walicheka.

Umeuliza kama fani ina maana kwa asiye na cheo begani. Andrew Marshall alikuwa raia, mchumi kama wewe, akaongoza ofisi ya tathmini ya muda mrefu pale Pentagon kuanzia 1973 mpaka 2015, akastaafu ana miaka 93. Marais wamekuja wameondoka yeye yupo. Hakuwa na kikosi wala bajeti kubwa, na nje ya fani ni wachache waliomjua. Moja ya mambo aliyoyashikilia ni kwamba mzigo wa jeshi kwenye uchumi wa Wasovieti ni mkubwa kuliko wanavyokadiria wenzake wa ujasusi, akabishiwa miaka, na alichokisema kikaja kuonekana. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maswali ambayo wengine hawakuwa na muda nayo, na kulea vijana ambao baadaye walienda kukaa kwenye viti vya maamuzi. Hiyo ya kulea vijana ikumbuke, utaihitaji ukifika 45.

Na usidhani nyota begani zinatosha. Mwaka 2002 Wamarekani walifanya zoezi kubwa la vita lililoitwa Millennium Challenge. Upande wa adui alipewa Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu wa Marines, askari wa Marekani wanaoshambulia kutokea baharini, yani cheo anacho na vita kaviona. Akatumia wajumbe wa pikipiki ili redio zake zisinaswe, akatuma vijiboti na makombora, siku za mwanzo tu akazamisha meli 16 za kivita, kwenye mchezo lakini. Wakafanya nini? Wakasimamisha zoezi, meli zikafufuliwa, na yeye akawekewa masharti hili ruksa lile marufuku mpaka akajitoa kwenye nafasi yake. Jenerali huyo! Kwa hiyo kutosikilizwa kwako si jambo la ujana wala la gauni peke yake, ingawa kugusia gauni umekwepa na mimi sijazaliwa jana, najua lile cheko lilikuwa na lipi ndani yake.

Haya, tuje kwa jamaa.

Umeandika kwamba kampuni yake inauza magari. Binti yangu, wewe ndiye uliyeandika tathmini ya kununua magari. Umeipita hiyo sentensi kama unapita kituo cha basi! Sijui kama wao ni wazabuni kwenye mpango huohuo, hukusema, lakini mtu wa kuuza vifaa hamtafuti mchambuzi wa mwaka wa saba mwenye ripoti kabatini kwa sababu anathamini watu wanaofikiri. Huenda anataka kichwa chako, huenda anataka kilichomo kwenye ile ripoti, na wewe mwenyewe hutaweza kujua kipi mpaka siku utakapoulizwa swali dogo tu, la kirafiki.

Wapo waliowahi kupita hapo. Darleen Druyun alikuwa mkubwa wa manunuzi kwenye jeshi la anga la Marekani, mtu mwenye sifa zake, akawa anazungumzia kazi na Boeing wakati huohuo anashughulikia mpango wa ndege 100 za kujaza mafuta angani kutoka kwa haohao Boeing. Mwaka 2004 alikiri kosa akahukumiwa jela miezi tisa. Mkuu wa fedha wa kampuni naye akaenda jela, miezi minne, na mpango wa ndege ukafa. Wewe si mkubwa wa manunuzi na bado hujafanya kosa, nataka tu uone jinsi linavyoanza, linaanza kwa kuonana mara mbili.

Sikatazi mtu kwenda kampuni binafsi. Nina wenzangu walienda, wengine wamefanya kazi nzuri tu, na mshahara wa mara tatu si dhambi, kumbe mtu ale mikakati? Lakini kuna mlango wa mbele na wa nyuma. Wa mbele ni huu: unamwandikia mkuu wako wa kitengo kwamba nimefuatwa na kampuni fulani, tarehe fulani na fulani, nimezungumza nao hiki, naomba nitolewe kwenye kazi yoyote inayowagusa. Unaweka nakala. Unauliza sheria za utumishi zinasemaje kuhusu muda wa kukaa kando kabla ya kuajiriwa na muuzaji, maana nchi nyingi zina kanuni hiyo. Mpaka hapo huyo jamaa usionane naye mara ya tatu, hata kama anasema ni maongezi tu, hasa akisema ni maongezi tu. Kama ofa yake ni safi itasubiri.

Mumeo mweleze hilo hilo. Hayo mengine ya kazini huwezi kumwambia, lakini hili la kwamba ile hela ina mwiba anaruhusiwa kulijua, na nadhani akilijua ataacha kukusukuma.

PhD nitasema kifupi. Ukiwa na swali linalokunyima usingizi, nenda. Kama unakimbia kabati, usiende, utakaa miaka minne na kabati lingine. Ila ukitaka njia ya kati, omba nafasi ya kozi kwenye chuo cha ulinzi cha taifa, wengi siku hizi wanachukua na raia. Mtakaa darasa moja na makanali, mtapigana michezo ya vita pamoja, mtabishana hadi usiku. Miaka mitano baadaye wale makanali ni mabrigedia na watakuita jina lako. Mi nusu ya kazi zangu zilizofanikiwa zilipita kwa mtu niliyekaa naye dawati moja, sio kwa mhuri.

Basi Jumatatu anza na barua ya kwa mkuu wako, kabla hata hujafungua imeili. Ukimaliza toa ile ripoti kabatini, andika ule ukurasa mmoja wenye njia tatu, mpe Meja akusomee kwa sauti, panapomkwama pafute. Wakati wa kuandaa bajeti ijayo watu watauliza hela ya vipuri iko wapi, wanauliza kila mara, na mara nyingi mezani hakuna karatasi. Ukienda karakana niandikie sajini kasema nini, ila bila idadi safari hii.